Chujio Lisilo na Masikio



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaotenga muda wenu kila juma kusoma tafakari hii, leo naomba tuzungumze juu ya simu ya mkononi. Najua wapo watakaosema kwamba padre ameishiwa mada. Wavumilie kidogo. Sizungumzii simu zinazolia katikati ya mageuzo, kwa maana hayo tumeyasema vya kutosha na bado zinalia. Nazungumzia simu kama njia ya kumfikia mtu aliye hatarini katika vilima vya Tarime na katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, na hasa juu ya kitu kinachokaa katikati ya njia hiyo bila sisi kukiona, yaani chujio la maneno.

Kila nyumba ina chujio la chai, na kila mama anajua kazi yake: majani yabaki juu, chai ishuke chini. Kampuni za simu, pamoja na zile kampuni ndogo zinazouza huduma ya kutuma ujumbe mfupi kwa watu wengi kwa mara moja, nazo huwa na chujio lao. Ni programu ya kompyuta iliyopewa orodha ya maneno. Ujumbe unapopita, programu huulinganisha na orodha hiyo, na ikikuta neno lililokatazwa huuzuia. Haiulizi nani anasema, anamwambia nani, wala kwa nia gani.

Tusilitukane chujio kabla ya kulitendea haki. Mzazi aliyemnunulia mtoto simu anafurahi akisikia kwamba picha na maneno machafu yanazuiwa njiani, na mimi nafurahi pamoja naye. Majirani zetu wa ng'ambo ya Sirari wana sababu nzito zaidi. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, ujumbe mfupi wa simu ulitumika kusambaza chuki kutoka kijiji hadi kijiji. Ndiyo maana mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, kampuni ya Safaricom ilitoa mwongozo kwamba mtu anayetaka kutuma ujumbe wa kisiasa kwa watu wengi auwasilishe kwanza ukaguliwe. Mtu anaweza kubishana na utaratibu huo, lakini angalau palikuwa na binadamu mwenye macho aliyeusoma ujumbe mpaka mwisho kabla ya kuukubali au kuukataa. Nawaomba mkumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo lililokosekana katika habari ninayotaka kuwasimulia.

Wenyeji hawahitaji kuelezwa msimu wetu, lakini wapo wasomaji walio mbali. Kwa desturi ya koo nyingi za Wakurya, msimu wa tohara huangukia Novemba na Desemba, shule zinapofungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Baraza la wazee wa mila, liitwalo inchama, hukaa na kutoa ruhusa. Mbuzi huandaliwa, ngoma hulia, na pamoja na wavulana hupelekwa wasichana. Msichana asiyepelekwa huitwa msagane, nalo ni jina la dharau litakalomfuata kisimani, sokoni, na siku atakapotafutiwa mume. Sheria ya nchi iko wazi tangu mwaka 1998: kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayemkeketa binti aliye chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. (Faini hiyo ni pungufu ya bei ya ng'ombe mmoja mnadani, nanyi mnaelewa mzee wa Kikurya anaipimaje.) Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 kati ya 100 walikuwa wamekeketwa, ule wa mwaka 2022 ulikuta 28. Kwa taifa zima hesabu ilishuka kutoka 10 hadi 8. Tunashuka, ila polepole sana kwa binti aliyezaliwa katika nyumba isiyoshuka.

Basi Novemba 2024, msimu ulipokaribia, tuliamua kutuma ujumbe mfupi kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, akina mama wa WAWATA, walimu, na wazazi wote walioacha namba zao parokiani. Tulikuwa tumelipia huduma hiyo kwa kampuni moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa sina ugomvi na jina lake. Jina la mtumaji lisizidi herufi 11, tukaandika PAROKIA. Ujumbe usizidi herufi 160, la sivyo unahesabiwa kuwa miwili na kulipiwa mara mbili. Tukakaa na katibu muhtasi tukihesabu kama watoto wa darasa la pili. Hatimaye tukapata huu:

“Binti ukitishiwa kukatwa sehemu za siri piga 116 bure, au njoo parokiani mchana au usiku. Ukeketaji ni kosa la jinai. Mzazi, mlinde mwanao.”

Namba 116, kwa asiyeijua, ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haitozi senti, na hupigika kutoka mtandao wowote wa Tanzania. Tukabonyeza kutuma. Baada ya muda mfupi likarudi jibu kwamba ujumbe umekataliwa, maudhui hayaruhusiwi. Tukadhani ni hitilafu, tukarudia. Ukakataliwa tena, na salio likakatwa mara zote mbili kana kwamba ujumbe umefika.

Hapo tukaanza kazi ya kubahatisha. Tukaondoa neno “ukeketaji”, ukakataliwa. Tukalirudisha, tukaondoa “kukatwa”, ukakataliwa. Tulipoondoa “sehemu za siri”, ujumbe ukapita mara moja, ukafika katika simu ya katibu ukiwa umebaki na maneno ya jumla juu ya binti kutishiwa “kukatwa”, bila kusema kukatwa nini. Kisha katibu, ambaye ni mtu wa vitendo kuliko mimi, akaandika jambo jingine kabisa, kwa majaribio, akajitumia mwenyewe: mwaliko wa sherehe ya tohara ya binti, wenye siku, mahali, na ombi la kuchangia mbuzi. Ukapita bila kipingamizi.

Wapendwa, niliitazama ile simu kwa muda. Mwaliko wa kwenda kumkata mtoto ulikuwa umevuka chujio ukiwa msafi, na onyo la kumwokoa mtoto huyo huyo likazuiwa kama uchafu. Chujio halikukusudia ubaya wowote. Katika orodha yake “tohara” ni neno la heshima, na “sehemu za siri” ni neno la waasherati. Wala aliyetunga orodha hiyo hakujua Kikurya. Kwa hiyo yote yanayosemwa na bibi na mashangazi kwa lugha ya nyumbani yalipita wazi mchana na usiku.

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja.

Mwanzoni ilijibu mashine. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Kwa vifurushi bonyeza mbili. Kwa kurudisha pesa uliyotuma kimakosa bonyeza tatu. Hapakuwa na tarakimu ya mtu ambaye ujumbe wake umezuiwa, kwa hiyo nikangoja mpaka nipewe binadamu, na nilipokuwa nangoja nikapigiwa muziki na kuambiwa mara nyingi kwamba mimi ni mteja wa thamani. Dada wa kwanza alikuwa na sauti nzuri na haraka nyingi.

“Karibu sana mteja wetu mpendwa, nikusaidie nini leo?”

Nikamweleza. Akaniuliza kama nimezima simu na kuiwasha. Nikamwambia kwamba tatizo haliko katika simu. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia Tarime. Akasema huenda ni tatizo la mtandao wa mpakani, nizime huduma ya kutumia simu nje ya nchi. Ni kweli kwamba ukisimama Sirari simu yako inaweza kukukaribisha Kenya hali miguu yako iko Tanzania. Lakini ujumbe ule ulikataliwa kwa maudhui, si kwa mahali. Akasema amelipokea lalamiko langu na litashughulikiwa ndani ya saa 24 hadi 48. Je, kuna lingine? Basi, siku njema.

Saa 48 zikapita. Nikapiga tena, nikampata kijana ambaye hakujua lolote juu ya mazungumzo ya kwanza, nikaanza upya kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Mara ya tatu nikampata dada mwingine ambaye, aliposikia kwamba mimi ni padre, alinisalimu “Tumsifu Yesu Kristo”, na sauti yake ikabadilika. Huyu alinisikiliza. Aliniomba nimsomee ujumbe wote, na nilipoumaliza alikaa kimya kidogo.

“Padre,” akasema, “mimi kwenye skrini yangu naona neno moja tu, ‘umekataliwa’. Sioni sababu. Hata msimamizi wangu haoni. Hatuna mahali pa kuandika kwamba jambo hili ni la mtoto.”

Sikuwa na la kumlaumu. Hawa vijana hukaa mstari mmoja mbele ya kompyuta, hupimwa kwa idadi ya simu wanazomaliza, na husoma maneno waliyoandikiwa. Tunawaita wasiosaidia, nasi hukasirika na kuwafokea (katika parokia hii wapo wanaojulikana kwa kufoka, nao wanajijua), lakini wao pia wamewekwa nyuma ya chujio. Malalamiko yetu humiminwa juu yao, na kinachoshuka chini hadi kwa mwenye uamuzi ni kile tu kilicho na kisanduku chake katika fomu.

Kabla ya kukata simu yule dada alitaka kunisaidia, akasema, “Padre, kwa nini usiandike ‘ukatili wa kijinsia’? Hilo huwa linapita.”

Ushauri huo nimeufikiria kwa muda mrefu kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Kiswahili ni lugha ya staha. Hatuliiti kila kitu kwa jina lake mbele za watu, na “sehemu za siri” yenyewe ni stara tuliyoifunika juu ya jambo ili baba aweze kulitamka mbele ya mkwewe. Chujio basi lilikuwa limezuia nguo, likidhani ni uchi. Na ukiiondoa nguo hiyo hubakiwa na lugha ya semina: ukatili wa kijinsia, unyanyasaji, mila potofu. Maneno hayo ni halali na nayatumia ninapoandika barua wilayani. Lakini fikiri juu ya Bhoke yeyote wa darasa la tano, ambaye bibi yake amemwambia kwamba Desemba atakuwa mwanamke, atavikwa khanga mpya, atapewa zawadi na kuchezewa ngoma. Anaposikia “ukatili wa kijinsia” hawazi hata kidogo kwamba ni hilo. Ukatili anaoujua ni wa mlevi anayempiga mkewe. Alichoahidiwa yeye ni sherehe. Mwenye kutaka kumwonya hana budi kusema ni nini kitakachokatwa.

Na hapa pana vita ya maneno ambayo watu wa nje hawaioni. Wanaotetea mila husema “tohara”, ili jambo la binti lifanane na la kaka yake, ambalo hospitali inalifanya na serikali inalihimiza. Wanaopinga husema “ukeketaji”. Neno utakalolitumia barazani ndilo linaloonyesha uko upande gani kabla hujafika kwenye hoja. Orodha ya kompyuta, bila kujua kuna vita, ilikuwa imekwisha kuchagua upande.

Wakati huohuo, wapendwa, ni nani kati yenu ambaye hajapata ujumbe usemao ile hela uitume kwenye namba hii? Mmoja wa wazee wetu alikuwa kweli anasubiri namba ya fundi wa kumwezekea nyumba, akatuma, na mabati hayakuja. Ujumbe wa matapeli hao hauna hata neno moja baya. Ni wa adabu, mfupi, na hupita. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imetuwekea namba 15040 ya kupeleka namba za matapeli, nayo itumieni. Lakini angalieni jinsi inavyofanya kazi: ni mtu aliyesoma, akaelewa kwamba anadanganywa, akatoa taarifa. Orodha ya maneno haikuweza.

Kuwapima watu kwa neno ni jambo la kale. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliviteka vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka waliambiwa atamke “Shibolethi”. Mwefraimu hakuweza kuitamka ile sauti ya kwanza, akasema “Sibolethi”, akauawa. Maandiko yanataja watu 42,000. Sisi watu wa Mara tungefanywa nini katika kivuko hicho, ambao ndimi zetu huipenda R kuliko L? Tena katika simu zetu hivyo ndivyo tunavyoandika: mzee anamwandikia mwanawe “mrinde dada yako”, na chujio, lililofundishwa Kiswahili cha vitabuni, halina habari. Kwa hiyo linamkamata anayeandika vizuri na kumwacha anayeandika apendavyo.

Kompyuta nazo zina Shibolethi zao. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha katika huduma ya mtandao ya AOL, kwa sababu ndani ya jina la mji wao herufi nne zinazofuatana ni tusi la Kiingereza. Wataalamu mpaka leo huliita tatizo hilo kwa jina la mji huo. Kiswahili nacho kina maneno ya kila siku, yanayosomwa hata kanisani, ambayo ndani yake limejificha tusi zito. Sitayataja, msomaji atayatafuta mwenyewe. Na kwa kuwa vitenzi vyetu hubadilika mbele na nyuma (keketa, amekeketwa, watakeketwa, wasikeketwe), mwandishi wa orodha ama ataweka shina fupi na kukamata wasiohusika, ama ataweka neno zima na kuwakosa wengi.

Tena orodha ikishakuwapo, huongezwa. Oktoba 2020 TCRA iliziagiza kampuni za simu kusimamisha huduma za ujumbe na simu za kutumwa kwa wingi kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba, kwa sababu ya uchaguzi mkuu. Sikukuu ya Watakatifu Wote na Siku ya Marehemu zilipita ndani ya muda huo. Siku zilezile ziliripotiwa habari za ujumbe mfupi wa watu binafsi kutofika pale ulipokuwa na jina la mgombea fulani wa upinzani. Mei 2025 mtandao wa X uliacha kufunguka nchini, na maelezo yaliyotolewa na serikali yalihusu picha za ngono. Juu ya kuzimwa kwa intaneti nchi nzima kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 sitasema mengi hapa, kwa sababu kufunga bomba na kuchuja maji ni mambo mawili, na lile lina majonzi yake linalostahili kusemewa siku nyingine. Nataja haya kwa sababu moja: sababu ya maadili ni ya kweli, nami kama padre ndiye wa kwanza kuitetea, lakini ni mlango mpana, na asiyeusimamia kwa makini hajui ni nani atakayepita nao.

Narudi kwenye Novemba yetu. Niliandika barua ya malalamiko. Utaratibu, kwa wasioujua, ni kwamba mteja hulalamika kwanza kwa mtoa huduma wake. Mtoa huduma ana siku 30 za kulitatua. Usiporidhika unalipeleka TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano linaloweza kukuongoza. Ni utaratibu mzuri kwa mtu aliyekatwa salio. Lakini hesabuni wenyewe: siku 30 kuanzia mwisho wa Novemba zinaishia baada ya Noeli, na wembe hauna siku 30.

Kwa hiyo tukarudi kwenye njia za zamani. Makatekista walipanda bodaboda na karatasi zilizochapwa, wakazisoma vigangoni na katika madarasa ya Komunyo ya Kwanza. Akina mama wa WAWATA walikwenda nazo gulioni. Kila mwenyekiti wa jumuiya alipewa watu watano wa kuwapigia simu kwa sauti, na kila mmoja wa hao akawapigia watano wengine. Maneno yakipita kwa sauti hayakukatwa na mtu. Karatasi ilikuwa na maneno yetu yote, pamoja na yale yaliyokataliwa.

Katikati ya Desemba binti mmoja alifika usiku nyumbani kwa katekista akiwa hana viatu. Tulipomwuliza aliyemwambia aje, alisema mwalimu alisoma karatasi akasema wazi ni mahali gani panapokatwa, ndipo akajua kwamba ni lilelile bibi analolisema. Alikabidhiwa kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, akapelekwa nyumba salama. Mwezi Januari akaja mwingine, na huyu alikuwa amekwisha kukeketwa. Mama yake alisema hakusikia tangazo lolote. Sisemi kwamba ujumbe wetu ungemwokoa. Kijijini kwao mtandao humpata mtu akipanda juu ya mwamba, na baba yake ndiye mwenye simu. Nasema tu kwamba namba ya mama yule ilikuwamo katika daftari letu, nasi tulikuwa tumelipia.

Mwezi huohuo wa Januari 2025 ofisa mmoja wa ile kampuni alinipigia, kwa heshima, akaomba radhi. Akaeleza kwamba orodha ilikuja pamoja na programu iliyonunuliwa nje, na maneno ya Kiswahili yaliongezwa na mtu ambaye siku nyingi hayupo kazini. Hakuna anayejua kwa hakika aliyatoa wapi. Alisema wametufungulia sisi “kwa ombi maalumu”. Nikamwuliza juu ya parokia jirani, na Waanglikana, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Akasema nao waandike maombi.

Nisingependa mdhani kwamba padre wenu ameichukia teknolojia. Kule Mugumu, shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, limekuwa likitumia ramani za OpenStreetMap, zilizochorwa na watu wa kujitolea wa hapa na wa nchi za mbali kupitia mradi wa Crowd2Map, ambao walizitazama picha za setilaiti na kuchora njia na vijiji vya Serengeti kimoja kimoja. Kabla ya hapo gari la polisi lilitoka usiku kumtafuta binti na kupotea vichakani. Vijijini wapo watu waliofundishwa kutumia simu kutoa taarifa, na upande wa pili yupo anayezipokea na kuondoka na gari. Huku Tarime, kituo cha Masanga kimepokea wasichana msimu baada ya msimu, na wengi huletwa na simu ya mtu mmoja aliyemjua mtu mwingine. Simu hiyohiyo, mlingoti huohuo. Mtu yuko upande wa pili, basi.

Na sasa matangazo. Mwaka 2026 unagawanyika kwa mbili. Dominika ijayo, baada ya Misa ya kwanza, viongozi wa jumuiya, makatekista na akina mama wa WAWATA wabaki kanisani. Tutaandika ujumbe wa msimu huu kwa Kiswahili na kwa Kikurya, na wazee wanaojua maneno ya nyumbani wasione haya kuja kutusahihisha. Aliye na laini ya Kenya aje nayo tuijaribu, kwa maana waumini wetu wa upande wa Sirari wengi wanaitumia, na namba 116 ya kule inapokelewa na watu wengine. Yeyote aliyewahi kulalamika kwa kampuni yake ya simu juu ya ujumbe wa aina hii uliozuiwa alete namba ya lalamiko na tarehe. Tutayapeleka Mwanza yote kwa pamoja. Katibu atakuwapo na daftari kuanzia saa nne.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu.